Parafujo Haikuvunjwa na Maziwa Yangu

Dodoma, karibu na kituo cha gari la moshi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na baba, na nauliza miguu yako inaendeleaje na baridi ya huko milimani. Sisi tu wazima. Maria ameota meno ya chini, ananing'ata akinyonya, na halali, kwa hiyo ukiambiwa mwandiko wangu umepinda ujue nimeandika nikisinzia. Stefano, mdogo wangu, msomee mama yote, usiruke maneno makali.

Mama, naandika kwa sababu utasikia habari zangu kwa mtu mwingine. Fundi mmoja wa hapa ameshuka na gari la moshi kuja huko, na najua amebeba maneno kwa mama mkwe: kwamba nimeleta mkosi katika karakana anayofanyia kazi mume wangu na kwamba narudishwa nyumbani. Sikia kwangu kwanza.

Kuna Mdachi mmoja hapa anayepima ardhi, tunamwita Bwana Mpimaji. Ana baiskeli inayokwenda kwa moto, watu wanaiita tukutuku kwa mlio wake. Aliileta karakanani bomba la moshi limepasuka. Ili bomba litoke, nati zifunguliwe kwanza, nazo zilikuwa zimegandana na parafujo zake kwa kutu. Baba Maria akasema wazipake samli na mafuta ya taa, waziache zinywe. Mzee Songoro, msimamizi wao, akasema Bwana ana haraka. Akashika spana, akaichomekea kipande cha bomba ili mkono uwe mrefu, akavuta kwa nguvu zote. Parafujo ikalia ta, ikakatika. Kipande kikabaki ndani ya injini, sawasawa na uso wa chuma, hakuna hata pa kushika.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mivukuto ya kupulizia makaa, Maria mgongoni, bakuli la ugali na mlenda mkononi. Mzee Songoro hakuitazama spana. Alinigeukia mimi.

"Nani kamwacha mzazi apite kwenye mivukuto?"

Unawajua wahunzi, mama. Mwanamke anayenyonyesha hakaribii moto wao, wanasema chuma kinaharibika. Mzee Songoro amezaliwa katika nyumba ya wahunzi, nami mila yake naiheshimu. Tangu nijifungue chakula nakiacha mlangoni. Siku ile aliniita mwenyewe, eti niingize ndani kwa kuwa mikono yao imejaa mafuta.

"Si wewe uliyeniita, Mzee?"

"Nilikuita mlangoni."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anaokota nati ambayo haikuanguka.

Bwana Mpimaji akaja, akainama, akaona. Kiswahili chake ni cha amri tu. "Kesho parafujo nje. Kama ndani, fundi hamsa ishirini." Hivyo ndivyo wanavyoita viboko vyao ishirini na vitano hapa. Akauliza fundi wa kazi hii nani, na Mzee Songoro akamwonyesha baba Maria kwa kidole.

Jioni Mzee Songoro akaja kwetu. Akakaa kwenye kigoda changu, akala chakula changu, akasema nipandishwe gari la moshi mpaka mtoto aache ziwa. Na mume wangu, mama, yule uliyempa mkono wangu, akasema, "Nenda tu kwanza, mama Maria, maneno yapoe."

Nikamwambia, "Mgongo wako utakaochapwa unaniuma. Lakini mimi nikiondoka, kile kipande kitatoka?"

Asubuhi nilimweleza jirani yangu Mgogo, Mama Ndahani anayetuuzia samli. Akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe maziwa yako yanakata chuma? Njoo basi ukamulie kwangu, nina jembe limekwama kwenye mpini." Nikacheka naye, kisha nikamfunga Maria mgongoni nikaenda karakanani.

Bwana Mpimaji alikuwa ameketi juu ya sanduku, anatazama kazi. Nikapita moja kwa moja, nikakaa kwenye mivukuto, nikamwomba anayeivuta anipishe. Mzee Songoro akanijia, akasema akiwa ameuma meno, "Toka."

Nami nikasema polepole, "Nitoe. Halafu mweleze Bwana sababu. Atakuuliza spana ilikuwa mkononi mwa nani."

Akamtupia Bwana jicho, akaenda zake. Nikavuta mivukuto. Wakatoboa kile kipande katikati kwa keekee, taratibu, mume wangu akishikilia na jasho likimdondoka puani. Wakachonga tupa kuukuu ikawa na pembe nne, nyembamba mbele. Wakapasha chuma cha pembeni kwa makaa niliyoyapuliza mimi, wakatia samli, wakaigongea ile tupa tunduni, mume wangu akaizungusha kwa kushoto. Kipande kikalia kama mlango, kikasogea, kikatoka. Mbele yangu, na maziwa yangu yamelowesha kanga.

Mzee Songoro akasema, "Samli hii ni nzuri."

Unaona, mama? Ikikatika ni mimi. Ikitoka ni samli.

Mgongo wa mume wangu ukapona viboko. Njiani akataka kunibebea mtoto. Nikamwambia, "Ulinyamaza mbele ya watu, utasema mbele ya watu. Mpaka siku hiyo chakula kiko nyumbani, kifuate." Akawa anakuja kula peke yake kwa haraka, wenzake wanamtania kwamba ameolewa. Jumapili iliyopita aliwaalika mafundi wote kwetu, Mzee Songoro akiwemo. Nilikuwa napakua. Akasema, kwa sauti ndogo, lakini akasema: "Mzee, parafujo uliivunja wewe. Mke wangu hakuivunja, na haendi popote."

Mzee Songoro akanyoosha mkono akamega ugali. Hasira yangu bado ipo, sikufichi, lakini usiku ule nilipata usingizi.

Nisalimie baba, na shangazi aliyenifundisha kufunga mtoto mgongoni, na sista aliyenifundisha kuandika. Mama mkwe umpelekee shikamoo yangu kwa heshima zote. Mwambie mgongo wa mwanawe ni mzima, na mkewe yuko kwake.

Mwanao akupendaye,
Agata, mama Maria