Saa Tisa ya Shomari

Shomari, mtani wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, sebuleni kwako Mkuyuni, mbele ya ile kompyuta. Sikuulizi hali. Yangu ni mbaya, na nitakueleza kwa utaratibu kama ulivyonizoea, ingawa leo utaratibu wenyewe unanikimbia.

Nimeipoteza ile safari.

Ngoja nianze mwanzo. Eda ya shemeji Zuhura iliisha wiki iliyopita. Miezi minne na siku kumi sikuvuka kizingiti cha sebule hii. Nilikuwa nafika mlangoni, naacha samaki, naulizia hali, narudi zangu Mabatini. Jumapili akaniita akanieleza kwamba Jumamosi hii anarudi kwao Kisarawe. Mpwa wako Hamisi, mwenye kompyuta, anakuja kumchukua yeye pamoja na mashine yake. Nikahesabu siku nilizobakiwa nazo, nikaona zinatosha kumaliza kazi moja. Ile uliyoiacha njiani.

Unakumbuka walivyotucheka? Wazee wawili, mmoja mwalimu mstaafu wa jiografia, mwingine mpima ardhi aliyepunguzwa kazini, wanajifungia mchana kweupe kurusha chombo cha angani ndani ya kompyuta ya mtumba. Mke wangu alisema, "Siku hizi kila kitu ruksa, hata wazee kurudi chekechea." Lakini wewe hukuwa unacheza. Hamisi alipotufundisha mchezo ule alituonyesha mizinga na namna ya kuwinda maharamia, nawe ukampita moja kwa moja hadi kwenye orodha ya kazi, ukatafuta za upimaji. Nikakuuliza kwa nini hutaki kupigana kama wenzako. Ukanijibu, "Msukuma, mimi nimeipima Geita kwa mnyororo, mbung'o mgongoni. Leo napewa dunia nzima niipime nimekaa kitini, halafu niiache?"

Basi tukapima. Tulipewa nyota ya mbali, majuma mawili ya safari kwa saa za mchezo. Tukifika tunaizunguka sayari yake chini chini, kamera inapiga picha ukanda baada ya ukanda, kisha tunarudi kituoni kuzikabidhi kabla ya saa iliyotajwa. Ukichelewa hata dakika moja, picha hazipokelewi. Wewe ulishika usukani, mimi daftari. Na kazi yangu kubwa ndani ya daftari lile ilikuwa kugeuza saa.

Naeleza tena jambo unalolijua, kwa sababu ndipo penye kidonda. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, hivyo saa tatu ya asubuhi kwetu, kwa kompyuta ni saa tisa, kwani yenyewe imeanza kuhesabu usiku wa manane. Safari yetu ya kwanza tuliiharibu kwa hilo, tukacheka mpaka shemeji akaja kuchungulia. Tangu hapo tukaweka sheria: ndani ya daftari saa zote ziwe za kwetu, na mgeuzaji niwe mimi peke yangu, maana wewe ulikuwa unaongeza sita pale pa kupunguza. "Miaka thelathini nimepima mashamba ya watu," ulilalamika, "leo napokonywa saa na Msukuma." Tangu siku ile hatukuchelewa tena.

Jumatatu niliwasha mashine. Disketi ikalia kama inasaga mchanga, nikadhani imekufa, kisha nikaona jina lako kwenye kioo na chombo chako kikiwa njiani, nusu ya mwendo. Nikafungua daftari. Ukurasa wa mwisho ni mwandiko wako: jina la sayari, mikanda kumi na minane, na chini yake, "Siku ya 14, mwisho saa 9."

Saa tisa. Sikujiuliza. Daftari ni letu, saa ni za kwetu, saa tisa ni alasiri.

Niliendesha kama ulivyonifundisha, bila pupa. Jumanne nilifika. Usukani, Shomari, sikuwahi kuushika zaidi ya dakika chache huku ukinizomea. Umeme ulikatika mara mbili nikaanza upya. Jana nilimaliza mikanda yote, lakini wa kumi na moja ulitoka umepinda, ukaacha pengo upande wa kusini. Nikatazama muda, nikaona ninao. Nikasema Shomari asingekabidhi ramani yenye pengo. Nikarudi kuupiga tena. Ukanda ule mmoja uliniondolea saa tano.

Leo nimefika kituoni, saa ya mchezo ikiwa saba na dakika ishirini mchana kwa hesabu yetu, nimebakiza zaidi ya saa moja na nusu. Nilijisifu kwa sauti. Nikahifadhi kwanza kabla ya kutua, kama ulivyonizoesha, na disketi yetu kongwe inabeba kumbukumbu moja tu, mpya inafuta ya zamani. Nikatua. Kioo kikaniambia kazi imekwisha muda wake.

Nilidhani mashine imeharibika. Nilisoma mara nne. Kisha shemeji aliyekuwa anafunga vyombo kwenye maboksi akaja kuangalia nimefikia wapi. Nikamwonyesha daftari. Akatazama mwandiko wako, akasema taratibu, "Lakini shemeji, siku ile alikaa peke yake. Nilimuuliza mbona anaandika yeye, akasema, Mwalimu akirudi atazigeuza."

Saa tisa ya kompyuta. Saa tatu asubuhi. Ningeuacha ule ukanda ulivyopinda, ningefika saa mbili na dakika ishirini, nafasi ingenibakia.

Siku ile nilikuwa wapi, unajua. Ulinitumia salamu kwamba kazi nzuri imetokea, nije tuondoke. Nikajibu naenda Sengerema kumwona dada yangu, nitarudi kesho kutwa, nyota haiendi popote. Nilisema hivyo, na nikajiona nimesema neno la busara. Ukaanza bila mimi, ukaandika saa ulivyoiona, ukaniachia niigeuze. Kesho yake alfajiri moyo wako ukasimama. Habari ilinikuta Sengerema, nikafika Busisi foleni ya kivuko imefika mbali, na ninyi Waislamu hamkai na maiti. Nilipofika makaburini watu walikuwa wananawa mikono.

Na hili sijawahi kumweleza mtu. Mzee Pazi, jirani yako Mzaramo mwenzako, aliponiona ninapanda kilima mbio, alipaza sauti kama ilivyo desturi: "Mkamateni mtani! Kachelewa makusudi asibebe jeneza! Atoe faini!" Watu wote wakageuka, wakaningoja nijibu. Ilikuwa haki yangu na wajibu wangu. Ningeweza kusema Mzaramo amekimbilia mbele ili asionyeshwe njia na Msukuma, ningeweza kudai mkeka wako, kama mtani anavyoruhusiwa msibani. Miaka ishirini nimekutania kila siku ya Mungu, na siku uliyonihitaji mdomo ulikauka. Nililia kama mtoto mbele ya watu. Mzee Pazi naye akalia, utani ukafia pale.

Nimewafundisha watoto wa watu miaka thelathini na mbili tofauti ya saa na saa. Nilikuwa nachora duara ubaoni. Mtu akiniuliza leo, sijui nimfundishe nini. Najua kwamba uliniamini kwa jambo dogo moja, nami sikuwepo. Nilipokuja, nikalisoma vibaya.

Nimetafuta njia ya kurudi nyuma katika mchezo. Hakuna. Nimejaribu kukabidhi tena mara tatu, kama mjinga. Jibu ni lile lile. Picha zenyewe zimo bado chomboni, mikanda yote kumi na minane, na mashine inaniruhusu kuzitazama. Hakuna wa kuzipokea.

Shemeji amenikubalia nikae mpaka Hamisi afike. Nimeagiza karatasi za grafu na penseli ngumu kutoka Mabatini. Ninaahidi hivi: nitaichora sayari yote kwa mkono, ukanda kwa ukanda, milima yake na mabonde, na pembeni chini, mahali pa jina la mpimaji, nitaandika la kwako. Leo nimemaliza mikanda miwili. Kumi na sita imebaki, na nina kesho tu na nusu ya Jumamosi. Macho yananiuma. Sidhani nitafika, lakini sitaacha pengo kwa makusudi.

Ramani itakwenda Kisarawe na shemeji. Lala salama, Mzaramo. Nikikosea mahali, nitakosea peke yangu, hakuna wa kunizomea, na hilo ndilo linalonishinda kabisa.

Mtani wako,
Masalu