Maua ya Boga Yenye Hayana Tumbo

Siku ya kwanza ya juma, 11 Januari 1954
Nimechuma maua ya maboga mbele ya jua kutoka, kikapo kimoja. Yale ya mguu mwembamba, yenye hayana tumbo. Yenye tumbo njo inazaa boga, haiguswe. Mama alinifundisha vile. Numbi, mutoto yangu, tangu surua iishe anakataa bukari ya unga wa mahindi. Maua na karanga anakula. Mbavu zake nazihesabu. Maboga yakikomaa atanona.

Siku ya tatu, 13 Januari
Maboga madogo ine yameanguka. Manjano, ncha imeoza. Naogopa.

Siku ya posho, 16 Januari
Yameanguka yote. Kwa Mama Ngalula, bibi ya karani wa reli, maboga iko mingi, makubwa sawa kichwa. Anapita katika shamba yangu na viatu, anaangalia. Simupendi. Sikumupenda tangu walitoka Kasai.

Yenga, 17 Januari
Kisha misa nimemutukana Mama Ngalula mbele ya bantu. Nimesema anaroga maboga yangu, anataka Numbi afe. Akacheka. "Weye Mama Numbi, kila asubuhi unakula mabwana yote ya shamba, halafu mimba unakuja kutafuta kwangu?" Bibi zote wakacheka. Namuchukia.

Siku ya pili ya juma, 19 Januari
Leo sikuchuma. Nilikaa shambani na hasira, nikiangalia. Ua la mguu mwembamba, ndani iko kijiti cha unga manjano. Nyuki anatoka humo amejaa unga, anaingia kwa ua lenye tumbo. Siku zote kwangu nyuki hakukuta kitu. Nilichuma yote, yale mabwana Mama Ngalula alisema. Shamba ya mama ilikuwa kubwa, hakuweza kuyamaliza. Mimi niko na mistari tatu.
Ni mimi. Chakula ya mutoto nimeiharibu na mikono yangu.

Siku ya ine, 28 Januari
Nachuma maua matano tu, mengine naacha. Numbi analia, namutilia majani ya boga. Maboga mawili yameshika.
Nilienda kwa Mama Ngalula kuomba masamaha. Alisimama mulangoni. "Ulinitukana mbele ya bantu. Omba mbele ya bantu." Akafunga.

Yenga, 31 Januari
Nimesema kisha misa, mbele ya bantu. Yote. Mama Ngalula alisikiliza mpaka mwisho, akachukua mwavuli, akaenda. Iko na haki.
Mangaribi Numbi amekula bukari, matonge mawili. La tatu alilishika tu, akalala nalo mukononi.