Kiwanja cha Nyuma ya Mashine ya Kusaga

Nyumbani,
Mtaa wa Mashineni,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Cheche,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima, umeshiba, na umevaa nguo za kutosha. Vipi kifua? Mara ya mwisho tulipozungumza ulikuwa unakohoa kila baada ya maneno mawili, ukasema ni baridi tu. Mimi nasema ni moshi wa kuchomelea. Nunua barakoa nzuri, wala usinibishie. Na macho je? Mama anauliza kama bado unavaa ile miwani myeusi kazini, au siku hizi unajifanya fundi mzoefu asiyeihitaji.

Sisi hapa hatujambo. Mama ni mzima isipokuwa lile goti la kushoto, ambalo sasa linatabiri mvua kuliko redio. Shemeji yako yupo, anazibua mabomba ya watu huku bomba la kwake linavuja, na ukimwambia anacheka. Mpwa wako Kasuku ameingia darasa la pili, jino la mbele limeng'oka, na mdomo haujapumzika hata kidogo. Mimi nipo barazani na cherehani yangu.

Kabla sijasahau, kinyozi wako wa zamani ameacha kazi. Mkono ulianza kutetemeka, na wateja walianza kutetemeka zaidi. Sasa anauza sabuni na mafuta ya nywele pale pale kibandani, na bado anakuulizia.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu wewe jibu lako ni "sawa". Ukiambiwa Mama anaumwa, sawa. Ukiambiwa amepona, sawa. Safari hii nataka jibu lenye mikono na miguu, kwa hiyo kaa chini, soma mpaka mwisho, ndipo ujibu.

Jambo lenyewe ni shule.

Unaikumbuka shule yetu, lile ghala la zamani la nafaka. Bado ni lile lile, ila watoto wameongezeka. Darasa la pili na la tatu wako chumba kimoja, katikati pamegawanywa kwa pazia la turubai nililolishona mimi mwenyewe. Pazia linazuia macho, halizuii masikio. Upande huu wanaimba jedwali la kuzidisha, upande ule wanataja viungo vya mwili. Juzi nilimuuliza Kasuku mbili mara nne ni ngapi, akanijibu bila kusita kwamba ni figo. Tulicheka mpaka shemeji yako akapaliwa na chai, lakini baadaye nilikaa nikasikitika. Mtoto ana akili, anachokosa ni ukuta.

Sasa serikali imetukumbuka. Ahadi tumezizoea, kwa hiyo mwanzoni hatukuamini. Kumbe safari hii wamedhamiria. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa wa kwanza kuwaachia eneo lake la nyuma. Walipomalizana naye akahamisha magunia yake, mkandarasi akaingia. Leo ukisimama barazani kwangu unaona kuta za madarasa manne, zimeshafika kwenye linta, pale juu ya madirisha. Zege linachanganywa kwa mashine, siyo kwa beleshi kama enzi zetu. Bwana mmoja kutoka halmashauri huja na gari jeupe, anagonga tofali kwa kidole, anatikisa kichwa kama anayeonja mchuzi, anaondoka. Nakwambia ukweli, nikiziona zile kuta moyo wangu unafurahi.

Lakini madarasa manne hayatoshi, tena yamekaa nyuma, hayana njia ya kutokea huku mtaani. Ndiyo maana wakaitisha mkutano.

Mwenyekiti wa mtaa alisimama na kile kipaza sauti chake kinachokoroma, akasema serikali inaomba kiwanja cha nyuma ya mashine ili kumalizia shule, na mwenye neno aseme. Sasa wewe mtoto wa hapa, ukiambiwa kiwanja cha nyuma ya mashine unafikiria wapi? Kwenye mpira, si ndiyo? Hata mimi nilifikiria huko huko. Na ugomvi wa Mama na ule mpira unaujua. Umeshatua kwenye sufuria yake ya maharage, umeshavunja kioo cha dirisha, na mwezi uliopita ulimwangushia kamba nzima ya nguo alizokuwa ametoka kufua. Basi Mama akainuka, goti akalisahau, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mboga, "Wachukue! Wachukue hata leo, na yale magoli wayang'oe!" Mkutano mzima ukapiga makofi. Mwenyekiti akaja kumpa mkono. Mimi nikapiga vigelegele, mjinga mkubwa.

Vijana wa timu walimnunia. Wiki nzima hawakumwamkia, naye akawa anapita katikati yao kichwa juu kama waziri.

Halafu wakaja wapima ardhi. Walikipita kiwanja cha mpira bila hata kukitupia jicho, wakaingia kwako.

Mama alikuwa humo anapalilia. Nilikuwa nimempelekea maji ya kunywa, kwa hiyo yote niliyasikia mwenyewe. Mpima mkuu wao ni binti mdogo tu, mpole, kofia ngumu inamzidi kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lakini mmepotea, wanangu. Kiwanja kile kule, mmekipita."

Binti akatazama mchoro wake. "Hapana, mama. Kiwanja ni hiki. Si ndicho mlichokubali mkutanoni?"

"Hiki si kiwanja," Mama akasema. "Hapa ni kwa Cheche."

Unajua sisi hatujawahi kupaita kiwanja. Tangu Baba, Mungu amrehemu, alipokugawia, Mama anasema naenda kwa Cheche, natoka kwa Cheche, kwa Cheche kumeota nyasi. Mgeni akimsikia atadhani upo, umekaa ndani unakunywa chai. Lakini kwa wapima ardhi kila kipande kilichopimwa ni kiwanja, na penye magoli ni uwanja. Tena ule uwanja wala hawautaki. Binti alituonyesha kwamba mvua zikinyesha maji yote ya mtaa hupita pale. Tulipaswa kujua, kwani mimi na wewe si ndipo tulipokuwa tunaogelea utotoni na kuchapwa?

Mama akakaa juu ya yale matofali yako ya kujengea. Kisha akasema, "Mdomo uliponza kichwa," akacheka kidogo. Nilipomtazama tena alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Siwezi kuwasema vibaya watu wa serikali. Binti alisimamisha kazi papo hapo. Alikuwa ameshapigilia kigingi kimoja, akataka kuking'oa, Mama akamwambia akiache asije akajivunja mgongo bure. Jioni mwenyekiti alikuja kuomba radhi, akasema wanaweza kuyafuta maneno yale kwa kuwa Mama hakuelewa alichoulizwa. Mama akamjibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, alisema mwenyewe na watu wakasikia. Ila ardhi si yake, ni ya mwanawe, na mwanawe ndiye atakayeamua. Mwalimu mkuu naye alikuja. Akakaa, akanywa chai, akaulizia goti, akaaga. Kuhusu shule hakusema hata neno. Huyo ndiye aliyenibana kuliko wote.

Kwa hiyo mambo yamesimama yanakusubiri wewe. Ukikubali, hapo watajenga madarasa ya wadogo, vyoo, na lango la kutokea huku mtaani, mbele ya baraza yangu. Fidia utapewa kwa haki, hayo utaelewana na watu wa ardhi wenyewe. Ukikataa, hakuna wa kukulazimisha, binti alilisema hilo na kulirudia. Watajibana na eneo la mashine peke yake, na lango litafunguliwa upande wa pili, kwenye barabara kuu. Unajua malori ya kokoto yanavyopita pale. Kasuku na wenzake watakuwa wanavuka kwenda na kurudi. Jibu linatakiwa kabla mvua hazijaanza.

Mama mwenyewe hasemi kitu. Ila tangu siku ile huenda kwako kila asubuhi, hata palipokwisha kupaliliwa, anapanga upya matofali ambayo hayajapanguka. Kwa taarifa yako, matofali yale yameota kuvu, na mijusi wamehamia humo na jamaa zao wote. Jirani mmoja, nadhani kwa nia njema, alimwambia asiruhusu kabisa, kwa sababu mtoto aliye mbali hurudi kwenye chake, na ukimwondolea chake umemkatia kamba. Siku hiyo Mama alirudi hakula. Hiyo ndiyo hofu yake, mdogo wangu. Anaogopa kwamba kwa kelele zake za mkutanoni amekufukuza nyumbani.

Nami nimeliwaza jambo hili mchana kutwa nikiwa kwenye cherehani, mpaka nikashona mfuko wa sare ya mtu mgongoni. Nilikofika siko alikofika jirani. Nisikilize, na ukikasirika, kasirika tu, mimi ni dada yako.

Ulipoondoka ulisema, nikichimba msingi nitakuja. Msingi haukuchimbwa. Halafu ikawa, matofali yakitimia nitakuja. Yakatimia. Sasa unasema, nikipaua nitakuja. Unapaua nini, Cheche, na ukuta haupo? Kila mwaka naambiwa hivyo hivyo. Jirani anadhani kile kiwanja kinakuvuta. Mimi naona ndicho kinachokuzuia. Unaona haya kurudi pakiwa patupu, unaogopa watu watasema alikuwa anafanya nini huko muda wote huu. Watasema, nisikudanganye. Watasema kwa wiki moja, halafu mwenye duka atagombana na mkewe, nao watahamia huko.

Mimi nasema kubali. Sikufichi kwamba nasema hivyo kwa ajili ya Kasuku, maana yale malori yananitoa jasho hata kabla lango halijajengwa. Lakini nasema pia kwa ajili yako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hilo wewe fundi chuma hufundishwi na mshona nguo. Nyumba utajenga siku nyingine, mahali pengine, au hutajenga kabisa, na bado utakuwa wa hapa. Ukikataa pia sitakununia. Nitakasirika siku mbili tatu, unanijua, kisha nitamshika mtoto wangu mkono nimvushe barabara.

Nimekukumbuka sana. Huwa sikwambii kwenye simu kwa sababu naogopa utanijibu "sawa".

Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija uje na kiuno kizima, kuna tangi la maji la kupandisha juu ya nyumba. Shangazi mwenye kucheka kwa sauti anakusalimu, tena amenisisitizia niandike kwamba hajazeeka. Mwenye mashine ya kusaga anakusalimu, na kinyozi pia. Kasuku anamsalimu mjomba wake, na anauliza kama watoto wa huko wana ukuta.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe kifua chepesi na riziki ya halali, akuepushe na husuda na kila baya, na njia yoyote utakayoichagua katika jambo hili, akuwekee heri ndani yake.

Barua hii nimemsomea Mama yote, kwa sababu inamhusu na sikutaka kumsema nyuma ya mgongo wake. Nilidhani atakasirika kuhusu maneno ya haya na kurudi patupu. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Alinisahihisha mahali pamoja tu: anadai mkutanoni hakusema "hata leo", alisema "hata kesho". Ndipo akaniambia nichukue kalamu niongeze maneno yake, na nisiyapambe. Nayaandika kama yalivyotoka:

"Mwambie mimi sikuzaa nyumba, nilizaa yeye. Aje hata na mikono mitupu, nitaishika hiyo hiyo."

Mimi dada yako akupendaye hata unapomchosha,

Mama Kasuku