Zawadi Isiyoipita Yako

Chumba cha juu ya duka la miwani,
Ngazi za nyuma.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba kaya hii, baada ya kukaa vikao vitatu, imeazimia kwa kauli moja: hatununui bilauri.

Nimetanguliza tangazo kabla ya salamu. Mama angekuwa hai ningekula kofi. Nisamehe. Hujambo lakini? Goti linaendeleaje, na yule msimamizi wako bado anakuhesabia dakika za chai? Sisi huku wazima, ila mimi chakula hakipiti. Mke wangu anasema ni minyoo. Si minyoo, ni harusi.

Unakumbuka harusi ya binti wa kwanza wa kaka. Nilipeleka bilauri sita, moja ikafika imepasuka. Tangu siku ile shemeji ananiita Baba Mdogo Bilauri, na kaka kwa miaka mitatu amekuwa akipita mbele ya meza yangu ya kazi huku akitazama ng'ambo ya barabara, utadhani kuna sinema. Sasa anamwoza binti wa pili, na kadi yangu kaileta mwenyewe. Nyuma kaandika kwa mkono wake: “Uje mapema, utakaa mbele nami.” Dada, nimeisoma kadi hiyo hadi pembe zimelegea. Nikikosea safari hii, kaka hana binti wa tatu.

Kinachoniponza ni kazi yangu. Mtu mwingine hununua zawadi bila kujua wenzake wamenunua nini, akakaa raha mustarehe. Mimi ni mchonga majina kwenye vyombo, na nusu ya waalikwa wananiletea zawadi zao nizitie majina ya maharusi. Kila kinachotua mezani kinanipandishia bei. Nilikuwa nimeridhika na sinia. Akaja mwalimu mkuu na birika la umeme, nikaanza kufikiria mablanketi. Juzi akatokea muuza nyama, kanunua jokofu, anataka kibati cha shaba cha kubandika kwenye mlango wa jokofu hilo.

“Fundi, herufi kubwa,” akasema. “Mtu asome akiwa anapita zake.”

“Majina ya maharusi?”

“Hao watie pale chini. Mimi niweke juu.”

Nikamweka juu. Herufi moja iliniteleza nilipofika kwa bwana harusi, lakini yeye ni mdogo sana, haonekani.

Mke wangu alinisikiliza jioni yote nikipiga hesabu, mwisho akaniuliza, “Baba, wewe unanunua zawadi au unanunua kiti?” Nikamwambia ukweli, nanunua kiti. Akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Hata bibi harusi mwenyewe kapita kuchongesha pete. Nikamdodosa kwa mbali: nyumbani kwenu mtakuwa na ukuta mtupu, mtakuwa na meza? Akacheka. “Baba mdogo usijisumbue, wewe njoo tu.” Maneno hayo, dada, ndiyo ghali kuliko yote. Anayekutajia kitu umempata. Anayesema usijisumbue kakuacha njiani bila ramani.

Basi huku chini nimebanwa na muuza nyama, na huku juu nimebanwa na wewe. Maana sheria ya mama haijafutwa: zawadi ya mdogo haiipiti ya mkubwa wake. Kaka anaikumbuka kuliko anavyokumbuka miaka yake. Nikitoa kidogo, bilauri. Nikikupita, nimekuvunjia heshima mbele za watu, nawe hupo kujitetea.

Hapa nakiri kosa. Kifurushi chako kimeshafika kwa kaka, kiko juu ya kabati la sebuleni, umekifunga kamba kama mfungwa. Nilichukua kitambaa nikajifanya nafuta vumbi, nikakinyanyua. Kizito kiasi, hakigongi, upande mmoja kinabonyea. Shemeji akasimama mlangoni. “Baba Mdogo, hilo kabati limefutwa asubuhi.” Nikalifuta tena. Nililifuta na miguu yake.

Sasa mwenye duka la vyombo ameniwekea vitu viwili pembeni: sinia la shaba, na saa ya ukutani ambayo bei yake ni nusu ya mapato yangu ya mwezi. Nikishatia sindano ya kuchongea, duka halirudishi. Kwa hiyo nakuomba, dada yangu, kwa ziwa tulilonyonya: mle ndani mna nini, na ulitoa kiasi gani? Niandikie neno moja tu, “sinia” au “saa”, nami sitagusa chombo hadi nipate jibu lako.

Mke wangu anakusalimu, anasema usinijibu, utaniharibu. Watoto wanamsalimu shangazi yao. Nisalimie shemeji na yule jirani yako mshona viatu aliyekukopesha mwavuli. Mungu akulinde, akunyooshee goti, na msimamizi wako ampe saa mbovu.

Ni mimi akupendaye kuliko nitakavyoweza kuonyesha kwa kitu cha dukani,

Mdogo wako, kitindamimba.

(Nyuma ya bahasha)

Dada, niko posta. Karani anasema barua hufika huko kwa siku kumi na mbili. Harusi ni Jumamosi hii.