Motokaa Iliyoziba Mlango wa Wanawake

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Agosti 1936

Kwa Shangazi yangu mpendwa Bi Mauza, Malindi, Unguja.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo Shangazi. Natumai waraka huu utakukuta u mzima, na kile kifua kilichokusumbua mwezi uliopita kimetulia. Mama anauliza kama bado unakunywa tangawizi kwa asali, maana anasema ukipona kidogo tu huacha dawa. Sisi huku hatujambo. Bibi Badriya, mama yako, goti lake linauma asubuhi na kupoa jioni, na ulimi wake hauumi kabisa. Baba naye ni mzima, duka linakwenda kama kawaida.

Shangazi, nakuandikia kabla Baba hajakuandikia, kwa sababu wewe ndiye uliyenitia shuleni. Bila shaka unakumbuka masharti matatu aliyoyatoa Baba ulipomsihi miaka miwili iliyopita: nivae buibui, niwe nimerudi nyumbani kabla ya adhuhuri, na nitoke na kuingia kwa mlango wa uani tu, nisipite dukani wanapokaa wanaume. Sijavunja hata moja. Naomba ulijue hilo kwanza.

Mlango wa uani unaujua. Unatokea kwenye ile njia ya pembeni aliyoitandaza Baba kokoto ili mkokoteni wa magunia uweze kuingia hadi stoo. Njia ni yetu, imo ndani ya kiwanja chetu, na ina geti. Lakini mchana geti huachwa wazi kwa ajili ya mahamali.

Jumamosi ya wiki iliyopita, baada ya alasiri, alikuja dukani bwana mmoja mgeni na motokaa yenye vumbi jekundu kutoka juu hadi chini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisoma, nikasikia kila neno. Alimsalimu Baba kwa adabu ndefu, akauliza hali ya nyumba, ya watoto, ya biashara. Baba akampa kahawa. Kisha mgeni akasema, "Mzee, naona pale pembeni pana kivuli. Naweza kuiweka kidogo?" Baba akajibu kama anavyomjibu kila mtu: "Karibu sana, bwana. Nyumba ni yako."

Shangazi, mgeni aliyapokea maneno hayo yote kama yalivyo. Aliiingiza motokaa mpaka mwisho wa njia, akaibananisha na ukuta wetu, akafunga milango yake kwa ufunguo, akaenda zake. Ubavu wa motokaa ulikuwa umeukumbatia mlango wa wanawake. Nilipoufungua niliona kioo, na ndani ya kioo uso wangu mwenyewe. Hata kuku wa Bibi hawakupata pa kupita.

Tulidhani ni kwa saa moja. Magharibi ikaingia, motokaa ipo. Jumapili, ipo.

Siku hiyo Bibi alikuwa aende matangani Ilala kwa shoga yake aliyefiwa na mume. Alipouona mlango alisimama akaitazama motokaa kama anavyomtazama mtu asiyesalimia. Akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na huyu atalishika kwa mkono gani?" Kisha akajitanda, akapita dukani katikati ya wanaume wote. Walipoduwaa aliwaambia, "Tazameni basi! Mna miaka thelathini hamjaniona." Wote wakainamisha vichwa. Lakini Bibi ni Bibi, na mimi nina miaka kumi na mitano.

Utauliza kwa nini Baba hakumtafuta mwenyewe. Hapa ndipo nilipochoka kabisa. Nyuma ya motokaa mlikuwa na magunia matupu yenye harufu ya kahawa, kwa hiyo Baba alikata shauri kwamba mtu huyo ametoka Kilimanjaro na ni mgeni wa jirani yetu Bwana Elieshi, yule Mchaga auzaye maharage na vitunguu. Akasema si adabu kumwuliza jirani mgeni wake ataondoka lini. Mama akaoka mkate wa kumimina, akaupitisha juu ya ua kwa Bi Blandina, mke wa Bwana Elieshi, akamwambia mtoto aliyeupokea, "Huu ni kwa ajili ya mgeni." Sahani haikurudi tupu, unajua desturi. Jumatatu ililetwa na ndizi mbivu, na mtoto akasema, "Mama anasema hizi ni za mgeni." Mama alifikiri mtoto amechanganya maneno.

Jumatatu hiyo sikwenda shule. Sitara, binti wa mshona kofia ninayefuatana naye, alisimama kwenye geti akaniita mpaka sauti ikamkauka, kisha akaenda peke yake. Jumanne vilevile. Nilikaa chumbani na kitabu changu cha hesabu nikisikia mlio wa viatu vyake ukipotea. Nakuambia kweli, Shangazi, nililia. Maana Alhamisi ulikuwa mtihani wa kuchagua wasichana wawili watakaobaki shuleni mwakani wajifunze kazi ya ualimu. Wawili tu. Asiyefanya mtihani hubaki nyumbani, ndiyo mwisho wake.

Jumanne mchana Mama alichoka kuvumilia. Alisimama kwenye ua wa madebe unaotutenga na jirani, akaita, "Jirani, mgeni wenu hajambo? Mbona hatumwoni?"

"Mgeni wetu yupi, Mama Hind?"

"Huyu mwenye motokaa."

Kisha nikamsikia Bi Blandina akicheka mpaka akakohoa. "Ala! Nami kila siku namwambia mume wangu, hawa jirani wana mgeni gani mwenye maringo, ametoka kwetu na hata kutusalimia hatusalimii! Na ndizi zangu je?"

"Tumezila," alisema Mama. "Na mkate?"

"Umekwisha siku ileile."

Wao walicheka. Mimi sikuweza. Siku nne nzima nyumba mbili zimelishana kwa ajili ya mtu asiyekuwa katika nyumba yoyote.

Nilidhani sasa mambo yatakwisha. Jumatano Baba alikwenda kituo cha polisi. Akaulizwa: Motokaa imeibwa? La. Imeingia kwa nguvu? La. Aliyeikaribisha nani? Mimi. Wakamwambia arudi nyumbani akamngoje mgeni wake. Wazee wa barazani wakajitolea kuisukuma. Mzee Sheikhan, yule rafiki wa Baba apendaye mzaha, alisema, "Tuko wanaume sita, Abdulla. Tukiinyanyua kwa bismillahi itatoka."

Baba akasema, "Nimeshamwambia karibu. Siwezi kumtolea mtu mali yake mlangoni akiwa hayupo."

"Basi iambie motokaa kwaheri. Huenda ikasikia."

Wakacheka tena. Shangazi, wiki hii kila mtu amecheka isipokuwa mimi.

Alhamisi niliamka alfajiri, nikaswali, nikavaa. Saa moja Sitara alikuja, safari hii akasimama mbele ya duka kwa aibu, akaita kwa sauti ndogo, "Hind, tutachelewa." Mimi nilikuwa nimesimama penye pazia, penseli mkononi. Baba alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko hasira. Akasema, "Mwanangu, subiri. Mtihani utakuja mwingine. Pengine Mungu ndivyo alivyopanga."

Unanijua nilivyo. Mbele ya watu sauti yangu hunikimbia, na Baba sijamjibu tangu nizaliwe. Sijui siku hiyo maneno yalitoka wapi. Nilisema, "Baba, ulimwambia mgeni kwamba nyumba hii ni yake. Basi niambie, ruhusa ya kutoka nikuombe wewe au nimwombe yeye?"

Mara moja nilitamani niyameze. Mama aliweka mkono mdomoni. Baba hakunipiga wala hakunikemea. Alikaa akitazama mizani yake. Kisha akaondoka kwenye kiti. Alimwomba radhi mteja aliyekuwa akinunua mafuta ya taa, akafunga ubawa mmoja wa mlango wa duka, akatoka barazani. Nikamsikia akisema, "Waungwana, nipisheni. Leo nyumba yangu ina mlango mmoja."

Waliinuka wote. Walivuka barabara wakasimama wakiutazama ukuta wa upande wa pili, kama watu wanaosoma tangazo, na hapakuwa na tangazo. Mzee Sheikhan alikwenda na kikombe chake cha kahawa mkononi. Nilipita dukani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikakanyaga mchele uliomwagika, nikatoka kwenye jua. Baba alitembea mbele yetu mpaka shuleni.

Niliwahi. Insha niliandika vizuri, nadhani. Lakini katika hesabu lilikuja fungu zima la sehemu, kuzigawanya, jambo wenzangu walilofundishwa Jumatatu na Jumanne. Sitara alinieleza njiani, lakini Sitara mwenyewe hakuelewa. Maswali mawili niliyaacha meupe. Hayo, Shangazi, bado sijamsamehe mwenye motokaa, ingawa najua kusamehe ni bora.

Mwenyewe alirudi Ijumaa baada ya swala. Anaitwa Bwana Kasmir, mnunuzi wa kahawa kutoka Moshi. Na alikuwa wapi siku zote hizo? Kwenu! Alipanda meli Jumamosi ileile, akakaa Unguja siku sita kwa biashara zake. Sisi tumefungiwa ndani, na yeye pengine amepishana nawe Malindi. Alikuja amefurahi sana, na kasha la halua mkononi, akamshika Baba mikono miwili. "Mzee, katika mji huu wote ni wewe tu uliyeniambia nyumba ni yangu. Mwezi ujao nitakuja tena."

Baba akafungua mdomo. Naapa neno "karibu" lilikuwa limekwisha fika kwenye meno. Ndipo Bibi akaita kutoka ndani, "Abdulla!" Basi. Jina lake tu.

Baba akasema, "Bwana Kasmir, wewe karibu siku yoyote. Motokaa yako sikuikaribisha."

Yule bwana alishangaa kweli, maana hakujua. Alipoonyeshwa mlango aliomba radhi mara nyingi, hata nikamwonea haya. Halua ilikuwa nzuri. Niliazimu nisiile, na nilikula kidogo tu.

Motokaa imeondoka. Imeacha doa jeusi la mafuta mbele ya mlango, nalo halitoki kwa sabuni wala kwa majivu.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Leo asubuhi Baba alinikuta nikiandika, akanipa stempu. Kisha akasema, akiwa amegeukia upande mwingine, "Mwambie shangazi yako lile sharti la mlango nimeliondoa. Mlango wa uani ukizibwa, mtoto atapita mbele." Mimi nimefurahi lakini naogopa, maana Baba ni mwepesi wa kusema neno jema na maneno huchukuliwa na upepo. Tafadhali, Shangazi, mwandikie upesi umshukuru kwa jambo hilo hilo, ulitaje wazi, ili liwe limeandikwa. Matokeo ya mtihani yatatoka mwezi ujao. Niombee kwa yale maswali mawili.

Bibi Badriya anakupa dua na anauliza lini utakuja. Mama anakusalimu sana, na Bi Blandina naye, anayesema sasa anakujua kwa habari. Nisalimie Ami na wanao wote, hasa Saif, umwambie kitabu alichoniazima nakitunza.

Mwenyezi Mungu akuondolee maradhi, akufungulie kila mlango, na asikuletee mgeni wa kuuziba.

Ni mimi binti yako nikupendaye, ninayengoja jibu lako,

Hind binti Abdulla