Nani Aliyeipiga Picha ya Galaksi Yetu?

Jumatano. Jua kali mpaka kandambili zinaunguza. Mwajabu, binti yangu wa darasa la nne, leo hakwenda shule. Anasema tumbo. Tumbo gani, na mihogo kala sahani nzima?

Najua sababu. Sababu ni mimi.

Wiki iliyopita madam wao wa sayansi, mgeni kutoka Korogwe mjini, alibandika ukutani picha ya galaksi yetu, yaani huo mkusanyiko mkubwa wa nyota ambao jua letu nalo limo. Mwajabu akaichora kwenye daftari akaniletea: duara lenye mikono inayojizungusha, kama uji unapokorogwa kwa mwiko. Kwenye mkono mmoja akatia nukta. "Mama, sisi tuko hapa."

Nikamuuliza, sasa kama tuko humo ndani, aliyepiga picha alisimama wapi?

Hakujua. Mimi pia sikujua. Ila badala ya kusema sijui, nikasema, "Uongo huo."

Mimi na picha hatuaminiani. Nina moja nilipiga studio Korogwe, nimesimama mbele ya ghorofa na ndege. Ghorofa lenyewe ni pazia lililochorwa. Shangazi yangu wa Mnyuzi mpaka leo anauliza ile safari nilikwenda lini.

Basi jana mtoto kasimama darasani: "Mama kasema hiyo picha ya uongo." Darasa zima likacheka, na sasa wanamwita Mama Kasema.

Leo asubuhi nikajitanda kanga, nikaenda shule. Pale bombani jirani yangu Mama Saidi akanirushia: "Wee uliyeishia la saba, unakwenda kumsahihisha mwalimu?" Nikamjibu naenda kuuliza tu.

Nilimkuta madam na rundo la madaftari. Nikamkazia macho, maana mtu akitaka kunidanganya huanza kwa kucheka. Hakucheka. Aliweka kalamu chini, akasema, "Mama Mwajabu, hakuna mtu aliyewahi kutoka nje ya galaksi. Ile imechorwa. Kosa langu, sikuwaambia watoto."

Imechorwa!

Lakini si ya kubuni, akasema. Wataalamu wamepima nyota nyingi, ziko umbali gani na zinaelekea wapi, kama mtu aliye katikati ya shamba la mahindi anayehesabu mistari bila kuliona shamba kwa juu. Akanionyesha kwenye simu galaksi jirani yetu, Andromeda. Hiyo ni picha kweli, kwa sababu tunaitazama kwa nje. Hata vile viwingu viwili vyeupe vinavyoonekana usiku upande wa kusini, ambavyo tangu mdogo nilidhani ni moshi wa wachoma mkaa, kumbe ni galaksi ndogo, na hii yetu inazivuta na kuzinyonya taratibu. Ujirani gani huo?

Nikauliza, na hiyo Andromeda, kama nayo inavutana na yetu, haitatugonga? Akasema zamani walikuwa na hakika itagonga, baada ya miaka mabilioni. Siku hizi hawana hakika.

Hapo nikaanza kumwamini kidogo. Walionidanganya mimi maishani wote walikuwa na hakika.

Ameahidi kesho ataandika neno "mchoro" chini ya ile picha, na kuwaambia watoto kwamba Mwajabu hakukosea kutilia shaka. Ahadi za watu nazijua. Mbele yangu atasema, mbele ya darasa atameza.

Nimerudi nikamwambia mwanangu ukweli: mama hakujua, mama alikisia. Imeniuma kuliko nilivyodhani. Akanitazama kwa jicho la pembeni, jicho langu mwenyewe. "Na umejuaje kama madam hajakudanganya tena?"

Nikasema kamuulize mwenyewe.

Baadaye nikamsikia uvunguni, anatafuta soksi za shule.

Kesho nitamsindikiza mpaka mlangoni pa darasa. Kisha nitajifanya nafunga kanga pale dirishani, nione kama lile neno litaandikwa.