Nani Ameiba Sura Yangu ya Pili?

Mama Orpha mpendwa,

Nakushika mkono kwa barua hii, wewe unayeshauri watu kwa barua, unisaidie kabla sijaharibu maisha ya mtoto wa watu, ao kabla yeye hajaharibu yangu, maana sijui tena nani anamharibia nani.

Jina langu Mahamudu, nina miaka hamsini na moja, nimeendesha taxi-bus ya Likasi na Lubumbashi miaka ishirini na miwili mpaka mgongo ukakataa, ndipo nikajiandikisha informatique, masomo ya kompyuta, kwenye chuo kikuu kimoja hapa mjini, pamoja na watoto wanaoandika bila kuangalia vidole, wakati mimi herufi Q naitafuta kama mtu aliyepotelewa na kuku. Siku ya kwanza nilipoambiwa nizime mashini nilienda kuchomoa waya ukutani, na tangu siku hiyo wananiita Papa Promo, yaani baba wa darasa, sikatai.

Sasa niko mwaka wa mwisho, na kazi yangu ya kumaliza masomo, ile tunayoita TFC, ni programu ya kupanga zamu za magari kwenye parking, pale stendi ya taxi-bus: nani amefika kwanza, nani anapakia, abiria gani anashukia Kapolowe. Sura ya kwanza niliandika vizuri, lakini sura ya pili, ile ya kuchambua kazi inavyofanyika pamoja na michoro yake ya Merise, ile njia ya kuchora data, ilinitoa jasho, mpaka nikaimaliza, na nisikufiche, nilikuwa na mfano, maana binamu yangu Djibril alisoma chuo hikihiki, akatetea TFC yake mwaka 2003 kuhusu depo moja ya mbolea, akanipa fotokopi yake, nami nikafuata njia tu, kama kila mtu anavyofanya, penye depo nikaweka parking, nikaendelea.

Wiki mbili zilizopita tukafanya mazoezi ya défense, ya kujitetea mbele ya wasahihishaji: mmoja anasimama mbele, wengine wanajifanya jury na kazi yake mikononi. Zamu ikawa ya Danielle, msichana mwenye akili, ambaye programu yake ni ya fishi, kadi za wagonjwa kwenye dispensaire moja ya Kapolowe. Akaniambia, "Papa, weye utakuwa président ya jury, juu uko na mvi na tumbo." Watu wakacheka, nami nikacheka, nikavaa miwani, nikafungua sura yake ya pili, na Mama Orpha, nilikuta ninajisoma mwenyewe! Neno kwa neno! Nakutafsiria kutoka Kifaransa: "Nakala ya data itawekwa kwenye diskete mbili, zitakazofungiwa katika kabati la mtunza depo." Sasa nakuuliza, dispensaire ina mtunza depo gani? Mwizi hakujisumbua hata kubadilisha! Sentensi hiyo ninayo mimi, ukurasa wa thelathini na moja, nimeiandika kwa vidole vyangu viwili hivi.

Tangu siku ile kila kitu nakiona upya. Nimekumbuka kwamba mwezi wa tatu, Ijumaa, nilipokwenda kusali, ni Danielle aliyepeleka fleshi yangu kwenye secrétariat wanipigie chapa sura hiyohiyo, akachelewa, akasema, "Kulikuwa foleni, papa." Foleni gani, Ijumaa saa saba? Halafu sasa nikipita anafunika mashini yake. Alikuwa anakaa mstari wa pili, amehamia nyuma kabisa. Nilimfuata mpaka soko la Kikula nione anaonana na nani, akanunua tomati, akageuka ghafla: "Papa Mahamudu, uko unanifwata?" Nikajibu, "Minye? Natafuta bitunguu." Ikabidi ninunue, na nyumbani vimejaa. Mke wangu Kibibi akaviangalia, akasema, "Minye niliolewa na chauffeur, sasa niko na polisi mu nyumba."

Fleshi naivaa shingoni, hata kuoga naoga nayo. Mashini nimeiwekea neno la siri, nikalisahau siku tatu, mpaka mwanafunzi mwenzetu Patrice akaifungua kwa kujaribu jina la gari langu la zamani, na sasa Patrice naye simwamini.

Shida yenyewe ni hii. Nimeandika barua ya mashtaka kwa mkuu wa section, iko mfukoni mwa koti. Kazi zinapokelewa Jumatatu ijayo. Nikiipeleka, Danielle hatajitetea mwaka huu, labda atafukuzwa, na ni wa kwanza wa nyumba yao kufika chuo kikuu. Nisipoipeleka, jury itasoma sura mbili zinazofanana, na kati ya msichana mwenye akili na dereva anayetafuta herufi Q, unadhani watasema nani amemwibia nani? Niambie, mama, niipeleke ao nisiipeleke?

Mahamudu, Likasi

*

Papa Mahamudu,

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwa ajili ya vitunguu. Mara ya pili sikucheka.

Nijibu hili. Mara ya mwisho kuona diskete hapa Likasi ilikuwa lini? Hiyo mashini yako ina tundu la kuiingiza? Na huyo mtunza depo mwenye kabati, pale kwenye parking anakaa wapi, kati ya gari gani na gari gani? Unamcheka Danielle kwamba dispensaire haina depo. Parking inayo?

Sentensi ile si ya Danielle, wala si yako. Ni ya Djibril, na mwaka 2003 kwenye depo ya mbolea ilikuwa na akili yake. Wewe umeigonga kwa vidole viwili, basi ukaona umeizaa. Na usifikiri Djibril alikuachia wewe peke yako. Kila anayemaliza anaacha nakala bibliothèque, maktaba ya chuo, na kila mwaka wanafunzi wanaingia mle, wanabadilisha jina la mahali, wanatoka na sura ya pili. Umesema mwenyewe: kila mtu anafanya. Huenda Danielle aliichukua mle. Huenda aliichukua kwenye fleshi yako, sikuwapo, siapi. Ila ushahidi ulio nao hauwezi kueleza ni wapi, na ukiupeleka kwa mkuu wa section, swali lake la kwanza atakuuliza wewe.

Halafu mimi nina wasiwasi mwingine, ambao wewe hukuufikiria hata kidogo. Msichana huyu alisimama akiangalia sura yako ikitoka kwenye mashini ya kuchapa. Ana macho. Kama yeye alikuwa ameshaandika yake, aliona nini? Aliona mzee mwenye sentensi zake yeye. Kisha mzee huyo anakodolea mashini yake, kisha anamfuata sokoni. Papa, ningekuwa yeye, nami ningehamia nyuma kabisa.

Nakuhurumia, na si kidogo. Kurudi shule na mvi si mchezo. Lakini aibu yako haikuanzia kwa Danielle. Miaka ishirini na miwili unajua zamu ile inavyokwenda kuliko profesa yeyote, na ilipofika saa ya kuiandika, uliogopa kwamba unayoyajua hayafai kukaa kwenye kitabu cha chuo. Ukaazima kabati la mtu mwingine. Hilo ndilo lililonikasirisha.

Sasa fanya hivi. Barua ya mashtaka ichane leo, Kibibi akiona, apate kupumzika kutoka kwa polisi wake. Kesho chukua fotokopi ya Djibril, mwombe Danielle mkae bibliothèque, mchana, watu wakiwapo, na umwombe msamaha wa kumfuata. Mkishaelewana, nendeni wote wawili kwa directeur wenu, msimamizi wa TFC, kabla ya Jumatatu, mumwambie sura ya pili haiwezi kupokelewa kama ilivyo. Atafoka. Mwache afoke. Akiwasukuma mpaka session ya pili, ile ya waliokwama, kubalini bila kubishana. Ni miezi michache, si maisha.

Miezi hiyo usiikalie. Nenda parking asubuhi tatu na daftari, usiendeshe, uandike. Gari lenye mgonjwa linaruka zamu kwa ruhusa ya nani? Likikwama njiani Buluo, abiria wake wanaingia zamu ya nani? Dereva akienda kusali, nafasi yake anashika nani, na wakigombana nani anaamua? Chora Merise yako juu ya hayo. Sura hiyo hakuna anayeweza kuikuta kwenye rafu. Na Danielle naye aende Kapolowe, akae dispensaire, aone fishi za wagonjwa zinalala wapi.

Jambo la mwisho, na hili ndilo litakalokuwa gumu kwako. Mkikaa pale bibliothèque, usianze kwa kumuuliza yeye aliipata wapi. Mwambie wewe uliipata wapi, tangu mwanzo hadi mwisho, hata ukurasa wa thelathini na moja. Kisha nyamaza, umsikilize.

Mama Orpha